Kwa Nguvu Zote

4 Februari

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta umeketi, maana nakumbuka husomi kitu ukiwa umesimama. Msalimie Mama Pacha na pacha wenyewe. Waambie bado nina ule mchoro wao wa ng'ombe mwenye miguu sita.

Sisi huku ni wazima. Mama yuko palepale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ila sasa wamempa mashine mbili za kusimamia badala ya moja, na jioni anarudi vidole vimejikunja kama mtu aliyeshinda ndani ya maji. Mwenye nyumba amepaka rangi ukuta wa jikoni. Amepaka pale palipoungua tu, kwa hiyo tuna mraba mweupe kwenye ukuta wa njano, na kila mgeni anauliza ni wa nini.

Nakuandikia kwa sababu ya shule. Mwalimu wetu wa Kiingereza alileta kopo la maziwa ya unga lililojaa vikaratasi. Kila mmoja alichomoa neno moja, na baada ya wiki tatu tutasimama mbele ya darasa tueleze maana yake na lilikotoka. Mimi nilichomoa "amain". Kamusi ya darasani haina neno hilo, nimeangalia juu na chini ya mahali pake. Jirani yangu wa dawati amesema neno langu limekufa, nitafute sanda. Nikakukumbuka wewe, maana hiyo kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mnayoitunga huko si lazima ianzie herufi A?

Kuna jambo jingine. Tangu umchukue Bibi mwezi wa kumi na mbili hatujapata habari zake. Mama alifuta namba yako siku ileile aliporudi kutoka kazini akakuta ile karatasi yako mezani: "Nimemchukua Mama. Hakuna budi." Aliichana vipande vidogo sana. Hajui kwamba nakuandikia, kwa hiyo ukijibu tumia sanduku la posta la shule, nimeliandika mgongoni mwa bahasha.

Naomba uniambie kama Bibi anakula.

Mpwa wako,
Karani


19 Februari

Mpwa wangu Karani,

Marahaba. Barua yako ilinikuta nimeketi kweli. Mama Pacha anakusalimu, anasema ukija saluni kwake atakusuka bila foleni. Pacha wametimiza miaka minne na wamegundua kwamba mlango wa bafu una kufuli. Kila siku mmoja wao anafungiwa, na sijaweza kumjua mkosaji, maana kila nikiuliza nani kafunga wananionyesha mimi.

Sasa neno lako. Halijafa, limezeeka. Lina vipande viwili. Ile a ya mwanzo zamani ilifanya kazi ya "kwa" au "katika". Na main, katika Kiingereza cha kale, ilikuwa nguvu, nguvu hasa ya mwili. Ukiona leo wanaandika main road, yaani barabara kuu, ni neno hilohilo, kwa kuwa kitu kikuu kilikuwa kile chenye nguvu. Kwa hiyo amain ni "kwa nguvu zote", na baadaye pia "kwa kasi yote". Mto uliofurika hushuka amain. Watu huvuta kamba amain. Mabaharia wa Kiingereza walilitumia kuiamuru meli nyingine ishushe tanga na kukiri imeshindwa. Limeandikwa tangu karne ya kumi na sita. Siku hizi utalikuta katika vitabu vya zamani tu.

Uwaambie wenzako pia jinsi tunavyofanya kazi, huenda wakapenda. Tuko watano katika chumba kimoja chenye makabati ya droo ndogondogo, na kila neno lina kadi yake. Mkubwa wetu tunamwita Nukta, kwa sababu akisema kitu mazungumzo yameisha. Sheria yake ni moja: mfano wa sentensi haubuniwi. Lazima uwe umeusoma mahali, umeusikia, au umeuona ukitendeka, kisha unatia sahihi chini ya kadi. Anasema kamusi ikidanganya kwenye mfano, itadanganya na kwenye maana. Kadi ya neno lako bado ina maana tu, mfano sijaupata. Nukta anataka kulitupa. Nimemwambia kuna mwanafunzi analihitaji, akanyamaza, jambo ambalo kwake ni kubwa.

Nimekuwekea ndani ya bahasha nakala ya kadi moja iliyokamilika, uione ilivyo. Neno ni accompany.

Bibi hajambo. Ameshazoea.

Mjomba wako


2 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Pole na kufuli. Kwetu Mama alipata mafua lakini amepona, na mashine moja ya kazini imeharibika, kwa hiyo amerudia ile moja na amefurahi ingawa anajifanya hakufurahi.

Nilieleza neno langu Ijumaa. Nilisema kuhusu mto na kamba, na mwalimu akauliza, "Je, mtu akimvuta mwenzake asiyetaka kwenda, tutalitumia?" Nikajibu kwamba nadhani neno halijali anayevutwa kama ni kamba au ni mtu, linajali anayevuta tu, kiasi gani ametoa. Mwalimu akasema niketi. Nilipata alama kumi na nane kwa ishirini. Mbili zilikatwa kwa sababu niliongea nikitazama dirishani.

Kadi yako nimeisoma mara nyingi. Upande wa juu umeandika neno, chini yake "fuatana na", kisha mfano: "Mama yangu alifuatana nami hadi mjini." Na sahihi yako.

Mjomba, usione nakosa adabu. Siku ile nilitoka shule saa tisa. Mama alikuwa bado kazini. Mlango ulikuwa wazi, chai ya Bibi ilikuwa nusu kikombe, na kizingitini palikuwa na kiatu kimoja, cha kushoto, kile cha kahawia chenye kifungo. Nikatafuta cha kulia chini ya kitanda, uani, mpaka barabarani. Sikukipata, nikajua kimekwenda naye.

Mtu anayefuatana na mwenzake huenda na viatu viwili.

Mama amekiweka hicho cha kushoto juu ya kabati. Hasemi Bibi arudi. Mwenye nyumba alituambia moto ukitokea tena tutahama, na nadhani Mama anaogopa. Anachosema ni kimoja: "Hakuuliza. Mimi ni dada yake, na hakuuliza."

Na hukunijibu kama anakula.

Mpwa wako,
Karani


14 Aprili

Mpwa wangu Karani,

Marahaba. Nimechelewa. Tunafunga herufi A mwezi wa sita na droo zote ziko mezani, hata chai tunainywea dirishani. Pacha walipata tetekuwanga, mmoja baada ya mwingine ili tusipumzike. Mama Pacha alifunga saluni wiki mbili kuwauguza. Sasa wote wamepona.

Hongera kwa kumi na nane. Kwa kuwa unapenda mambo haya, nikupe neno jingine, jirani wa lile lako, ingawa liko mbali kidogo kwenye alfabeti: perforce. Limetoka Kifaransa cha zamani, par force, "kwa nguvu". Mwanzoni lilikuwa na maana hiyohiyo, mtu kutendewa kitu kwa mabavu. Kadiri miaka ilivyokwenda likaacha habari za mabavu, likawa na maana ya "hakuna budi", "hali ndivyo ilivyotaka". Maneno hutulia, Karani. Yanaanza na vurugu, yanamalizia na sababu.

Kiatu kilianguka.

Ulikuwepo Novemba. Uliona pazia lilivyoungua mpaka kwenye fito, na ukuta ulivyokuwa mweusi. Jirani yenu ndiye aliyenipigia simu, si mama yako. Mtu wa umri ule anawasha jiko la mafuta, anaondoka, anasahau. Kabla ya hapo alisahau bomba wazi, na funguo mara ngapi? Ningengoja nini? Mama yako anashinda kwenye mashine zake, wewe uko shule. Wewe ni mtu wa akili, niambie ningefanya nini.

Umeuliza kama anakula. Anakula kidogo. Asubuhi anavaa, anachukua mkoba wake, anakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango na mkoba mapajani. Anakaa hapo hadi jioni. Tumemnunulia viatu vipya, hakuvivaa, anatembea miguu mitupu ndani ya nyumba. Hazungumzi nami. Huzungumza kidogo na Mama Pacha tu, anaposukwa. Pacha wanamwita Bibi Mgeni, tumewakataza lakini wapi.

Soma kwa bidii. Mwaka huu una mtihani, usijaze kichwa na mambo ya watu wazima.

Mjomba wako


22 Aprili

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Nafurahi kwamba pacha wamepona. Mama hajambo, mimi sijambo. Huku kumekuwa na joto na

9 Mei

Mjomba, mstari huo wa juu niliuandika siku ya ishirini na mbili, nikashindwa. Nimeanza barua hii mara nne. Tatu nimezichana. Hii nimeamua kutoichana, hata kama itaonekana vibaya kwamba ina tarehe mbili.

Nilifikiri kuhusu neno lako perforce. Limeanza na mkono wa mtu fulani, likaishia bila mtu. Ukisema "hakuna budi", hayupo tena aliyevuta wala aliyevutwa, ni hali tu imejifanya yenyewe. Nilitaka kukuandikia hivyo ili nikuumize kidogo. Ndipo nikaona kwamba mimi nimefanya hivyohivyo tangu Novemba.

Bibi hakuwasha jiko. Niliwasha mimi.

Ilikuwa Jumamosi. Mama aliniachia maharage nipike. Niliweka sufuria, nikafungua dirisha kwa sababu ya harufu ya mafuta, na pazia sikulifunga fundo kama Mama anavyotuambia. Kisha nikaingia chumbani kusoma, kwa sababu Jumatatu kulikuwa na jaribio la hesabu. Nilisema dakika tano. Nilisikia harufu nikadhani ni maharage. Nilipotoka, Bibi alikuwa amesimama jikoni na ndoo tupu, sakafu imejaa maji, na pazia halipo.

Jirani aliingia kwanza. Mama alipofika, wakati jirani bado anaeleza, alimwangalia Bibi, akasema kwa upole kabisa, "Mama, umesahau jiko tena?" Bibi hakujibu. Mimi nilikuwa nimesimama kati yao. Nilingoja Bibi aseme "si mimi" ili nami niseme "ni mimi". Hakusema. Nikajiambia labda kweli na yeye amesahau, labda hata hajui. Nikajiambia nitasema kesho. Baada ya wiki mbili ukaja wewe na gari.

Kwa hiyo umemchukua kwa kosa langu. Uliniuliza ungefanya nini. Sijui ungefanya nini, maana uliyoambiwa hayakuwa kweli, na mimi niliyajua hayo.

Mama sijamwambia. Nitamwambia nikishapata jibu lako, au hata nisipolipata. Hilo la pili nimeliongeza sasa hivi ili nisilikimbie.

Tafadhali usimsomee Bibi barua hii. Au msomee. Wewe ndiye uliye karibu naye.

Karani


30 Mei

Mpwa wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama. Ilinifikia kazini, nikaisoma kwenye korido, watu wakapita wakinisalimu na sikuwaitikia.

Sitakugombeza. Hata ningetaka, sina mahali pa kusimamia, kama utakavyoona.

Siku ile nilimwambia Bibi yako tunakwenda kwa daktari kupima macho. Alipokuwa anakunywa chai niliingia chumbani nikakusanya nguo zake, nikazipakia. Akaja na mkoba wake, amevaa vizuri. Alipofika mlangoni akaona kupitia kioo cha gari blanketi lake la kitandani. Hakupiga kelele. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Mama, twende." Akasema, "Sijaambiwa." Hilo tu. Nikaanza kuvifungua vidole vyake kimoja kimoja, na kila nilipofika cha mwisho, cha kwanza kilikuwa kimesharudi mahali pake. Kisha nikambeba. Ni mwepesi, Karani, mwepesi kuliko mmoja wa pacha akiwa amelala. Sikuhitaji nguvu zote. Nilizitumia zote.

Kiatu cha kulia tulikuja nacho. Cha kushoto nilikiona kikibaki na sikurudi kukichukua, kwa sababu kurudi ningelazimika kuuona mlango.

Kumbe kitu pekee nilichokuwa nikikiegemea ni lile jiko. Kila aliponiangalia kutoka kwenye kile kiti nilijiambia, jiko. Sasa hata hilo halipo. Lakini nikuambie jambo ambalo hukuniuliza: hata kama angeliwasha yeye, ningeweza kukaa na kumuuliza. Gari lilikuwa langu, halikuwa na haraka yoyote.

Jumatatu nilikwenda kwa Nukta nikamwambia kadi ya accompany itolewe, mfano si wa kweli. Aliniangalia juu ya miwani. "Miaka kumi na moja," akasema, "na hujawahi kunirudishia kadi." Nikamwambia pia nimepata mfano wa amain. Nikampa kadi, akaisoma: "Alimbeba mama yake kwa nguvu zote, akamtoa nyumbani kwake."

"Umeusoma wapi?"

"Sijausoma."

"Umeusikia wapi?"

"Nilikuwepo."

Akaitia kadi kwenye droo mwenyewe.

Barua yako nimemsomea. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, nikasoma yote, na tarehe zote mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilijua." Yalikuwa maneno ya kwanza kuniambia tangu Desemba.

Nikamuuliza, "Ulijua na hukusema?"

"Mlikuwa mnamtafuta mtu mmoja wa kumlaumu. Yeye ana mtihani. Mimi mzee, nina mtihani gani wa kufanya?" Akauvuta mkoba karibu. "Sikujua kwamba adhabu yake ni gari."

Mama Pacha alikuwa amesimama nyuma na kitana mkononi. Akasema, "Basi mume wangu, umeshika kalamu tangu ujana, hebu muulize huyu mzee swali moja." Nikamuuliza, "Mama, unataka kukaa wapi?"

Akasema, "Unaniuliza au unaniambia?"

"Nakuuliza."

"Basi nipe siku nifikirie, kama watu wengine wanavyopewa."

Alichukua siku tatu. Siku hizo tatu, Karani, hakukaa mlangoni. Alikaa jikoni na Mama Pacha, wakachambua mchele na kunisema, maana kila nikiingia walinyamaza. Alhamisi akanijibu kwamba anataka kwenda nyumbani. Nikasema nitampeleka. Akasema hapana, atampeleka Mama Pacha, mimi nibaki na watoto.

Usidhani kwamba mambo yamenyooka. Bado anasahau. Juzi alitia chumvi kwenye chai, akainywa bila kusema. Jiko lazima liangaliwe, na mama yako ajue. Mwambie ukweli wako kwanza, kisha mwonyeshe barua hii, maana huu ni wangu. Wakija watakuja Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Mama yako akikataa, andika upesi.

Mjomba wako


18 Juni

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Wameshafika, usiwe na wasiwasi. Mama Pacha alirudi Jumatatu kwa basi la asubuhi kwa hiyo huenda ameshakueleza, lakini nitaandika kama nilivyoona mimi.

Kwanza Mama. Nilimwambia siku barua yako ilipofika, alipokuwa anakunja sare zake. Aliendelea kukunja. Akamaliza zote, akazipanga, akaniuliza, "Jaribio la hesabu ulipata ngapi?" Nikasema thelathini na moja kwa hamsini. Akasema, "Kumbe hata hazikuwa nyingi." Kisha hakuzungumza nami siku tatu. Siku ya nne alinipa kiberiti mkononi, akasema, "Pika. Mimi nakaa hapa." Alikaa kwenye kigoda muda wote nilipokuwa napika, na mimi pia sikuondoka, tukawa watu wawili tunaiangalia sufuria kama tunaangalia televisheni.

Barua yako aliisoma peke yake, mlango umefungwa. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Hakusema kitu juu yako. Lakini kwenye simu yake sasa kuna namba imeandikwa "Kaka", nimeiona.

Jumamosi walifika saa nane kwa gari la kukodi. Mama alikuwa ameomba ruhusa kazini. Mama Pacha alishuka kwanza na mizigo, akaiweka chini, akaondoka pale mlangoni pa gari ili Bibi apate nafasi. Bibi akashuka. Amekonda, Mjomba. Shingo yake imekuwa nyembamba. Mama alinyoosha mkono amshike, Bibi akasema, "Acha kwanza." Mama akaurudisha.

Akasimama uani. Alisimama kwa muda mrefu. Alitazama dirisha, alitazama kamba ya nguo, alitazama mlango. Jirani alitoka kusalimia, akaona hali, akarudi ndani. Mama alikuwa analia bila sauti. Mama Pacha alinikonyeza nisiseme kitu. Mimi nilitaka sana kwenda kumshika, nikaiweka mikono yangu nyuma ya mgongo na kuishikanisha ili isiende yenyewe. Nilifikiri, akigeuka akarudi garini, je? Nikajua kwamba akigeuka, itabidi tumwache ageuke. Jambo hilo liliniogopesha kuliko moto.

Akaingia. Alipita pale mlangoni bila kushika kitu, polepole, akaenda moja kwa moja jikoni. Tulipomfuata tulimkuta anauangalia ule mraba mweupe. Akasema, "Huyu mwenye nyumba ni bahili kweli." Mama Pacha akacheka mpaka akakaa chini, na Mama naye akacheka, kwanza kidogo.

Nilimwambia Bibi palepale, mbele yao wote, kwamba niliyewasha jiko ni mimi na kwamba nilimwacha achukuliwe. Akasema ameshasomewa. Nikasema najua, lakini sikuwa nimemwambia mwenyewe. Akasema, "Sasa umeniambia." Sijui kama hiyo ni kusamehewa. Sijamuuliza zaidi. Kila siku nikirudi kutoka shule nakaa naye saa moja kabla ya kufungua vitabu, na jirani anamwangalia mchana. Jana aliniita kwa jina la Mama, na leo asubuhi hakukumbuka kama Mama Pacha alikuwa hapa. Mambo hayajanyooka, kama ulivyosema. Lakini anakula.

Leo amenikuta naandika, akaniuliza ninamwandikia nani. Nikamwambia. Nikamuuliza kama niandike kwamba amekusamehe.

Alikuwa anafunga kifungo cha mkoba wake. Alimaliza, akauweka kando kitandani.

"Hilo si la kuandikiwa," akasema. "Aje aniulize mwenyewe."

Mpwa wako,
Karani